Nusu ya Ndevu Zangu

Ukifungua kabati la bafu langu hapa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, utajua mimi ni mtu wa aina gani kabla hujaniuliza kazi yangu. Kuna pakiti ya nyembe za plastiki, zile za kutumia na kutupa; nilitumia moja nikaziacha nyingine. Kuna kopo la ule unga wa kuyeyusha ndevu, unaonuka kama yai viza, nilioupaka siku moja nikauosha kabla ya dakika zake kutimia kwa sababu sikuweza kusimama mbele ya kioo bila la kufanya. Kuna mashine ya umeme ya vichwa vitatu niliyoinunua katikati ya jiji, karibu na ofisi, kwa mbwembwe nyingi, na sasa hata waya wake sijui uko wapi. Kuna mashine nyingine ndogo ya chaji. Na kuna wembe mmoja wa chuma, mzito, wa kizamani, na ndio pekee ulio na unyevu.

Kila kimoja nilikinunua nikiapa kwamba ndicho cha mwisho. Ndevu zangu hujikunja, na zikikatwa karibu na ngozi hurudi ndani zenyewe. Kesho yake shingo inajaa vipele, keshokutwa navikuna, na wiki ikiisha nina shingo ya mtu aliyeumwa na siafu. Basi nilibadilisha vifaa. Kubadilisha ndiyo tabia yangu. Katika miaka minane nilihama nyumba tano, Kangemi mara mbili, Uthiru, Kawangware, kisha Kangemi tena, na kazi niliziacha hata zile zilizonipenda. Mama yangu husema nilizaliwa miguu ikitangulia.

Kuna jambo moja nililoacha ambalo sijivunii. Niliishi na mwanamke Kangemi kwa miaka mitatu, chumba kimoja, jiko moja, bila kwenda kwao hata siku moja kujitambulisha. Jumatatu moja nilichukua begi nikaondoka. Hakunikosea lolote. Nilikuwa tu nimechoka kuona dirisha lilelile. Nilidhani jambo hilo limebaki Kangemi, lakini maneno hayana mlango.

Kwa hiyo nilipompata huyu wa Waithaka, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza sitaki kwenda popote, niliamua kufuata njia zote. Barua ya posa ilipelekwa, siku ikapangwa, Jumamosi. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, wao ni Wakikuyu waliokaa Waithaka tangu ilipokuwa mashamba matupu. Mchumba wangu alinionya mapema. "Baba haongei sana," aliniambia. "Lakini ameshasikia habari ya Kangemi. Akikukataa, mimi siwezi kumpita." Neno hilo alilisema polepole, na halikunitoka kichwani wiki nzima.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilikuwa kwa kinyozi saa moja na nusu, Kangemi, nilikokuwa bado naishi, karibu na soko. Tulipaswa kuondoka saa tatu, tufike kwao saa nne. Nilikuwa na ndevu za majuma matatu, nimezifuga makusudi ili ngozi ipumzike na siku hiyo nitoke laini. Kijana alinifunga kitambaa shingoni, akaiwasha mashine, akaanza upande wa kulia.

"Tulia kiasi, buda. Unacheza kama mtoto."

Nikatulia kadiri ya uwezo wangu. Akamaliza shavu la kulia, akashuka hadi chini ya sikio, akafika katikati ya kidevu. Hapo mashine ikanyamaza. Na redio ikanyamaza. Na feni.

"Stima imeenda," akasema, kama mtu anayekuambia kumekucha.

"Si uko na ile ya chaji?"

"Ilikufa juzi. Lakini ngoja tu, hii huwa inarudi."

Nilingoja. Nilisimama, nikaketi, nikatoka nje, nikarudi. Nilikimbia na kile kitambaa shingoni hadi kwa kinyozi wa pili, nikakuta jenereta yake haina petroli na mwenyewe ameenda kuitafuta. Watu wa sokoni walinitazama. Upande wa kulia nilikuwa karani, upande wa kushoto nilikuwa mtu anayetafutwa. Shangazi akaanza kupiga simu. Magari mawili yamefika, mama yangu ameshaketi, niko wapi?

"Si nikumalizie na wembe?" kijana akaniuliza. Akatoa wembe mpya, akauvunja katikati ndani ya karatasi yake kama wafanyavyo, akatia nusu moja kwenye mpini.

Nikakataa, na sababu haikuwa vipele peke yake. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili tulimzika baba yangu, na kwetu baada ya maziko watoto wa marehemu hunyolewa. Mzee mmoja wa ukoo alitupanga foleni nyuma ya nyumba, na zamu yangu ilipofika nilishindwa kukaa kitako. Nilitaka kukimbia, hata sijui wapi. Wembe ukanikata nyuma ya sikio, damu ikashuka hadi kwenye kola, na yule mzee akasema mbele ya watu wote, "Huyu hatatulia mahali." Kovu bado lipo. Tangu siku hiyo sikuruhusu mtu mwingine anishikie wembe.

Saa tatu na robo nililipanda gari hivyohivyo.

Shangazi alinitazama muda mrefu. "Na hii ni nini?"

"Stima."

"Tunaenda kuomba mke na wewe umejigawa mara mbili?"

Baba mdogo, aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu, alisema kuchelewa ni kubaya kuliko ndevu, na dereva akaondoa gari. Tukiwa Kawangware ndipo shangazi alipovua skafu yake, akanifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, fundo juu. "Sema ni jino," akaniambia. "Mtu wa jino haulizwi mengi." Ningeweza kukataa. Lakini uongo ulikuwa rahisi kuliko kueleza, nami kwa mambo rahisi ndiko nilikoishi.

Tulipofika, lango lilifungwa mbele yetu kama ilivyo desturi yao. Kina mama wa ndani waliimba wakiuliza sisi ni kina nani na tunataka nini. Kina mama wetu hawakuujua ule wimbo, basi wakajibu kwa wimbo wa kwetu, kwa sauti kubwa na viuno. Wale wa ndani hawakuelewa neno, wakacheka, wakafungua. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa changu kilichofungwa, na shangazi alikuwa ameshamnong'oneza mama mmoja wa langoni kwamba ni jino. Simu ikatetemeka mfukoni. Mchumba wangu alikuwa amefichwa ndani na wenzake, lakini kupitia dirishani alikuwa akituona. "Jino gani?" aliandika. "Jana si ulikula mahindi choma na mimi?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Mama yake alinipokea kwa huruma iliyonimaliza. Hakuniuliza lolote. Alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na maji ya vuguvugu yenye chumvi na karafuu mbili kwenye kisosi, akaniambia niziume upande unaouma. Nikaziuma. Mdomo ukafa ganzi. Nilimshukuru kwa sauti ya mtu mgonjwa, na hapo nikaona aibu ya kweli. Nilikuwa sijakaa katika nyumba hiyo robo saa na nilikuwa nimeshamdanganya mama wa watu.

Baba yake alikuwa ameketi pembeni akitutazama. Mzee mwembamba, shati jeupe, na kidevu safi kabisa, bila hata kivuli. Alikuwa amestaafu. Miaka yake yote alifanya kazi katika wodi ya wanaume, akiwaandaa wagonjwa kabla ya kupasuliwa, kuwaosha na kuwanyoa pale kisu kitakapopita. Hilo nililijua, lakini sikuwa nimelifikiria vizuri.

Akasimama. "Kijana," akasema, "kuja uone ng'ombe."

Baba mdogo alikohoa. Siku kama hiyo mwoaji hasemi, husemewa, na haitwi pembeni peke yake. Lakini mgeni hamkatalii mwenyeji kwake. Nikamfuata.

Ng'ombe alikuwepo kweli, nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Mzee hakumtazama.

"Toa hiyo kitambaa."

Nikafungua fundo. Alinizunguka, akatazama upande mmoja, akatazama wa pili. Hakucheka. Ningependa acheke.

"Jino iko wapi?"

"Hakuna jino, mzee. Stima iliisha nikiwa kwa kinyozi."

"Na hiyo maneno ya jino ni nani alisema?"

"Ni mimi," nikasema. Shangazi hakustahili kuingizwa.

Akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Nilibaki na ng'ombe, na nakiri kwamba nilitazama ua. Ulikuwa mfupi. Ng'ambo yake kulikuwa na njia ya kwenda barabarani. Alirudi na karai la maji ya moto, yale yaliyokuwa ya chai, taulo, kipande cha sabuni, brashi iliyobaki na nywele chache, na wembe wa chuma. Akaweka kigoda.

"Kaa."

"Mzee, wembe hunitoa vipele."

"Wembe haina makosa. Makosa ni ya haraka."

Nikakaa. Alinifunika uso kwa taulo la moto na kuliacha hapo, muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kungoja. Goti langu likaanza kucheza. Akaweka kidole kimoja juu yake, likaacha. Kisha akapitisha vidole kwenye shavu langu la kushoto, juu na chini, akisoma.

"Nywele yako inalala hivi," akasema. "Hapa inageuka. Hapa tena inalala upande. Unaifuata kwenye inaenda. Mara moja tu, hurudii."

Kwetu mkwe ni mtu wa haya. Hata mkono unampa ukiwa umeinama kidogo, na kiti chake hukikalii. Na huyu hapa alikuwa amenishika pua kwa vidole viwili ili apate mdomo wa juu, pumzi yake usoni pangu. Tangu wembe wa mzee wa ukoo, hapakuwa na mtu mzima aliyenishika kichwa hivyo. Sikujua niyaelekeze wapi macho. Nikayafumba.

Alinyoa shavu, akanyoa taya. Wembe ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayekwangua nazi mbali. Kutoka ndani nilisikia kina mama wetu wameanza wimbo mwingine, na baba mdogo akicheka kwa nguvu kuliko mambo yalivyohitaji. Mzee akanisukuma paji la uso nyuma, shingo ikakaza. Akaweka wembe chini ya kikoromeo. Na hapo mkono wake ukasimama.

"Nimesikia uliishi na msichana wa wenyewe huko Kangemi," akasema. "Miaka tatu. Siku moja ukatoka, ukaenda."

Alikuwa hajauondoa wembe.

"Huyu wangu pia utaacha?"

Nilikuwa na majibu. Wiki nzima nilikuwa nimeyaandaa, mazuri, yenye methali mbili na pole moja. Mimi ni mtu wa maneno. Maneno ndiyo yaliyonitoa kila nilipotaka kutoka. Lakini chuma kilikuwa kwenye ngozi. Nikisema, koo lingepanda. Nikitikisa kichwa, ningejikata mwenyewe. Nilifumbua macho nikamwona anavyonitazama, bila hasira, kama mtu aliyeuliza kweli na anataka kujua. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nyuma ya sikio kovu liliwasha. Nilihisi wembe ukipanda na kushuka na mapigo ya moyo wangu mwenyewe, na niliogopa, nikamwogopa yeye na nikajiogopa mimi.

Nikakaa. Sikumeza hata mate. Yeye naye alingoja, na alikuwa na subira ya kazi yake, ya mtu aliyewanyoa wengi wakiwa wanatetemeka. Wimbo wa ndani ulikwisha, mwingine ukaanza. Ng'ombe alihama mguu. Bado nilikuwa pale, na goti langu lilikuwa kimya bila kidole cha mtu.

Mwishowe mkono ukaendelea. Akashusha wembe hadi mwisho wa shingo, mara moja, hakurudia. Akanifuta kwa maji baridi, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa taya kuhakikisha, akauosha wembe karaini na kuukausha kwa shati lake jeupe. Skafu ya shangazi aliikunja vizuri mara nne, akanirudishia.

"Twende," akasema. "Chai inapoa."

Tulipoingia sebuleni watu waligeuza vichwa. Mama wa mchumba wangu alinitazama usoni, akakitazama kile kisosi cha karafuu, akakiondoa mezani. Baba mdogo alikuwa kwenye ncha ya kiti, jasho kwenye paji. Mpangilio ulikuwa umemponyoka na alikuwa hajui kama bado tuna la kusema.

"Mzee, mmekaa sana huko nje," akasema. "Tulikuwa tumeanza kuogopa."

Mzee akaketi, akavuta kikombe chake karibu.

"Tulikuwa tunaongea," akasema.