Mvua Ilipopata Mwenyewe

Mvua ya kwanza ya mwaka huanza kwa matone machache mazito yanayogonga bati moja moja, mithili ya punje za korosho zinazorushwa juu ya paa, kisha kelele zinaungana na humsikii tena hata mtu aliye kando yako. Wengi husema sauti hiyo inawaletea usingizi. Mimi inanipandisha hasira, na sioni haya kusema hivyo. Watu wakikaa wakabishana ni uvumbuzi gani ulioubadili ulimwengu kuliko mwingine wowote, mmoja hutaja gurudumu, mwingine umeme, na vijana hawaoni kitu kingine zaidi ya simu iliyo mkononi. Huwa nawaacha wamalize, halafu nawaambia ni bati. Wananicheka. Wacheke tu. Hawakukulia ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mahali ambapo mchanga mwekundu unakunywa mvua yote na siku ya pili umekauka, huku maji ya kunywa yakiwa chini kabisa bondeni.

Kwetu nyumba zote zilikuwa za nyasi. Mvua ikinyesha tulitega masufuria chini ya paa tukapata maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya moshi, ya kufulia tu. Mwaka mzima wanawake na wasichana waliamka kabla ya jogoo wakateremka bondeni na mitungi, wakapanda tena mteremko ule wameshika shingo wima, mchanga ukiwateleza chini ya vidole. Wanaume hawakuchota maji siku hizo. Lakini hakuna aliyekuwa na maji kuliko mwenzake. Aliyepungukiwa alikwenda kwa jirani na kata yake, akapewa, na kesho yake yeye ndiye aliyeombwa. Mvua yenyewe haikuwa ya mtu. Ilinyesha ikapita, na wote tukarudi bondeni.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda uwandani na magari yao, na maduka ya Masasi na Newala, ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu, yakajaa sabuni, vitenge, madumu ya plastiki na mabati yanayong'aa hadi kuumiza macho. Baba Somoe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipata kazi ya kuwakusanyia wanunuzi korosho, naye akawa wa kwanza mtaani kwetu kuezua nyasi. Akaezeka bati, akafunga mfereji kuzunguka paa, na chini ya mfereji akajenga tangi la saruji lenye mfuniko wa chuma. Masika ile tulikwenda kutazama. Maji meupe yalishuka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi tangini, bila mwanamke yeyote kupinda mgongo, nasi watoto tulipiga makofi. Tulidhani shida imekwisha kwa wote. Mvua ilipokatika, Mama Somoe alitia kufuli kwenye mfuniko, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Kiangazi hicho mama alijifungua mdogo wangu wa mwisho. Baba alikuwa Lupaso kwenye kibarua cha kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kwa hiyo maji yalibaki kwangu na kwa bibi, mama mzazi wa mama. Asubuhi moja bibi aliteleza mteremkoni. Mtungi ulivunjika na kifundo cha mguu wake kikavimba pale pale, nikamkokota hadi nyumbani bila hata tone. Ndani mlikuwa na mzazi, kichanga ambacho kitovu chake hakijadondoka, na nepi za tangu jana. Mama hakuwa amefikisha hata nusu ya arobaini yake, na kwetu mzazi wa namna hiyo hatoki nje. Alitoka. Alimbeba mtoto kifuani, akachukua sufuria, nami nikamfuata hadi uani kwa jirani. Alisalimia vizuri, akaeleza yaliyomkuta bibi, akaomba sufuria moja tu ya maji ya kumwogeshea mtoto.

Mama Somoe alikuwa anachambua mchele. Hakuinuka. "Maji haya nimeyanunua kwa bati, Mama Fatu," alisema. "Ya bure yako bondeni."

Mama aligeuka na sufuria yake tupu. Alirudi, akamlaza mtoto karibu na bibi, akajifunga kanga mbili na kuchukua mtungi wake. Bibi alilia akimsihi asiende. Nilikwenda naye. Kushuka alishuka, lakini katika kupanda alisimama mara nyingi akiegemea ukuta wa mchanga, na nilipokuwa nyuma yake niliona damu ikimshuka kwenye kisigino na kubaki kwenye nyayo zake njiani. Sikuwahi kumchukia mtu kabla ya siku ile. Nilijua nimeanza, na nilijisikia vizuri kuwa na mtu wa kumchukia.

Mama alipona, na alipopona hakugombana na mtu. Alisubiri. Baridi ya mwaka ule ilipokuwa inaisha, binti yao Somoe, ambaye alikuwa rika langu, alitiwa unyagoni, na wazazi wake walitaka kumtoa kwa shangwe ambayo uwanda mzima ungeisikia. Wakaalika watu wa Lisekese, wa Lupaso, hata wafanyabiashara kutoka Masasi. Sasa, desturi yetu ilikuwa kwamba siku ya kumtoa mwali kila mwanamke wa jirani huleta mtungi wake wa maji bila kuombwa, wanakuja wameongozana wakiimba, na maji hayo ndiyo ya kumwogeshea mwali, ya kupikia na ya wageni wote. Hakuna mwenye shughuli aliyewahi kufikiria habari ya maji, maana yalikuja yenyewe. Wiki nzima kabla ya sherehe mama alipita nyumba kwa nyumba jioni, mtoto mgongoni. Sikuambiwa alikuwa anasema nini, ila niliona wanawake wanamsindikiza hadi njiani wakicheka chini chini.

Siku ikafika. Wanawake wakaja wameongozana, wamependeza, wanaimba kwa sauti nzuri kuliko siku zote, na vichwani hamna kitu. Mama Somoe alitoka kuwapokea, akatazama mstari mzima hadi mwisho. Akauliza mitungi iko wapi.

"Tuliona aibu, Mama Somoe," mama akamjibu kwa upole. "Tutachanganyaje maji yetu ya bure na yako ya kununua?"

Wageni walikuwa wameshaketi, na mwali alikuwa anasubiri kuogeshwa. Nilimwona akifungua pindo la kanga, na kufuli likafunguliwa mbele ya kadamnasi. Jamani, tulikunywa. Tulinawa kabla ya kula, tukanawa baada ya kula, tukawanawisha na watoto wa wageni. Mimi niliosha miguu ambayo haikuwa na vumbi, nikaiosha tena. Kufikia jioni ndoo ilikuwa inakwaruza saruji ya chini, na mvua zilikuwa mbali sana. Kuanzia kesho yake Mama Somoe aliteremka bondeni kama sisi. Shingo yake ilikuwa imesahau mtungi. Tulimsalimia kwa adabu zote, kisha tukatwishana wenyewe kwa wenyewe, tukaondoka, yeye akabaki kisimani akingoja mpita njia wa kijiji kingine amtwishe.

Mvua ziliporudi mama alisema yamekwisha, akaanza kumtembelea na kucheka naye. Nilimkasirikia mama kwa hilo, na mpaka anazikwa sikumwelewa.

Leo ninaishi Masasi mjini. Nyumba ya nyasi siku hizi mtoto anaionyesha kwa kidole. Kila paa ni la bati, kila mvua ina mwenyewe, na bomba likikauka kila mtu anajua tangi la nani lina maji na nani halina. Mimi ninalo, la plastiki, kubwa kuliko yote mtaani. Na Mama Somoe, mjane sasa, ameletwa na mjukuu wake kwenye chumba cha kupanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bomba likikauka huja na ndoo yake. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, namjazia hadi juu, kisha naibeba mwenyewe kichwani na kuipeleka kwake mchana kweupe, polepole, nikisalimia kila mlango, naye ananifuata nyuma mikono mitupu. Majirani wanasema nina moyo mwema.

Juzi, tulipofika kwake, aliniomba niingie ndani, akarudishia mlango. "Fatu," aliniambia, "mama yako alishanisamehe."

"Najua, Mama," nikamjibu. "Lakini anayekuletea maji ni mimi."

Nikamfungulia mlango wazi kabisa, nikatoka, na kwa sauti ya kusikika mtaa mzima nikamwambia kesho nitakuja tena.