Adabu za Mfamasia Mlimani

Mfamasia wa mtaa wetu, tunayemwita Daktari, hapokei kitu mpaka akikatae mara mbili. Hata peremende ya bure: anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa, "Hapana, msijisumbue," huku vidole vyake vyembamba vinaichungulia sahani. Sisi wa Tehran tunaijua kanuni. Kukataa mara ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo jibu. Basi tunauliza mara tatu, chai inapoa, maisha yanasonga.

Kiangazi hiki tulimpandisha Damavand, mlima wa volkano. Tulipofika kwenye theluji ya juu, uso wake ulikuwa mweupe kama jibini. Bahador, kiongozi wa safari yetu, akamwambia, "Daktari, hali yako mbaya. Nikushushe?" Kiganja kifuani: "Hapana, niwe sadaka yako, usijisumbue." Bahador akahema, akauliza tena. "Wallahi siwezi kuwaharibia safari!" Swali la tatu ndilo lingemwokoa, naye akalisubiri kwa macho ya kondoo wa Idi. Lakini kule juu pumzi ni ya mgao, na Bahador alikuwa amemaliza yake. "Haya, twende basi, simba wetu!" Daktari akapanda kwa adabu tupu. Njiani alitapika, akaiomba theluji radhi, akaendelea. Kileleni, ndani ya moshi wa salfa, tukakumbatiana na kupiga picha. Bahador akageuka: "Daktari, sasa tushuke?" Daktari alikuwa ameshashuka. Tuliiona kofia yake tu, ikiteremka mbio mbali kule chini, na hakuwa ameaga mtu.