Milango Kumi na Mmoja

Mama fundi, mshonaji wa hapa Voi, alinipigia simu nikiwa bado napiga mswaki. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeagiza uzi na vifungo. Alisema watu walikuja na pikapu jua likichomoza, wakang'oa milango ya ploti nzima ya vyumba vya kupanga, wakaondoka nayo.

"Yote?" nikamuuliza.

"Vyumba kumi, milango kumi. Hata ule wa choo wangeuchukua, lakini mzee wa chumba cha nne alikuwa ndani, akakataa kutoka."

Wakati huo nilikuwa na miezi michache tu katika kazi hii ya kuratibu. Mradi wetu ulikuwa wa watu wachache waliojitolea katika miji minne: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mimi nilikaa Voi, katikati yao, nikiwa na simu mbili na meza ya kuazima. Mpangaji akifungiwa nyumba, au akipewa notisi ya kuhama isiyofuata sheria, mwenzetu wa mji ule alifika kwake siku hiyohiyo. Na kama mji mwingine ulishapitia jambo la namna hiyo, ulitueleza ulivyofanya.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mahakama. Miaka mingi nilisimama kwenye ukumbi nikiita kesi kwa sauti, na mara nyingi niliwaona wapangaji wakifika wakati vitu vyao vilikwisha kutupwa nje na kunyeshewa. Hakimu angewaambia walikuwa na haki tangu mwanzo, ila wangekuja wiki moja mapema. Nilisikia maneno hayo mpaka yakanichosha. Nilipostaafu niliamua kwamba hiyo wiki moja mapema ndiyo nitakayoifanyia kazi.

Nilifika kwenye ploti kabla ya saa mbili. Iko upande wa reli ya zamani, vyumba vitano vikitazamana na vitano, na ua katikati. Kila mlangoni palikuwa pameshatundikwa leso au shuka, na upepo wa Voi ulizipeperusha zote kwa pamoja. Wapangaji wengi walikuwa watu wa magharibi ya Kenya waliofuata kazi za reli na za mashamba ya mkonge, wakakaa, wakazaa. Watoto wao walinisalimu kwa lugha yetu, Kidawida safi kuliko cha watoto wangu mwenyewe.

Mama fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha saba, mguu kwenye cherehani, anashona sare ya shule. Alikuja Voi akiwa bibi harusi kutoka upande wa Kakamega, kumfuata mumewe aliyekata mkonge. Mume alishafariki. Cherehani ndiyo iliyowalea watoto wake.

"Nimeihamishia hapa," akaniambia. "Sasa mwizi itabidi aniombe nimpishe."

Nilimpigia simu kijana aliyesimamia ploti. Namwita kijana, lakini alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye adabu. Alisema ploti inauzwa, na mnunuzi anataka kujenga lojing'i ya wageni wa mbuga.

"Notisi nilitoa, mama."

"Lini?"

"Niliwaambia Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Na amri ya mahakama ya kung'oa milango, unayo?"

Akasema mnunuzi ana haraka. Nikamuuliza mwenye ploti ni nani. Akasema ni shangazi yake, anaishi milimani, Mghange, lakini ni mtu mzima na mambo yote amemwachia yeye. Nilipowauliza wapangaji, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Nilirudi mezani kwangu nikaanza kuandika hati ya mahakama, maana mkono wangu ulizoea hivyo. Kabla sijaimaliza, nikaeleza habari yote kwenye kundi letu la simu. Mwenzetu wa Wundanyi, ambaye ni karani wa kanisa, akajibu upesi. "Huyo mama namjua. Alikuwa nesi. Mimi mwenyewe alinizalisha yeye. Msiende mahakamani kabla hamjamwona. Na msiende na maneno makali, atawafukuza." Mwenzetu wa Taveta naye akatuma makubaliano waliyoandikiana huko mwenye nyumba alipotaka kujenga upya: angejenga upande mmoja kwanza, wapangaji wakae upande wa pili, kisha wabadilishane. Nikayachapisha, nikayatia mkobani. Ile hati ya mahakama niliitia pia, chini kabisa.

Kesho yake nilipanda milimani na mama fundi. Miaka yote aliyokaa Voi alikuwa akiitazama milima ile anapoanika nguo, na hakuwahi kufika. Kuanzia Mwatate uso wake haukubanduka kwenye kioo. Tulipopita Wundanyi baridi ikamwingia, nikampa sweta yangu. Alitazama migomba, mifereji ya maji, mashamba yaliyopangwa ngazi kwa ngazi hadi juu.

"Kumbe ndiyo maana mnashuka Voi mkilalamika joto," akasema. "Mlikuwa mnatuficha huku."

Mwenye ploti tulimkuta shambani, amevaa gambuti, anakata kabichi. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wasukume. Nilimsalimu kwa Kidawida. Akaitikia, kisha akamtazama mwenzangu.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mpangaji wako wa Voi," nikasema.

"Chumba gani?"

"Cha saba, mama," mama fundi akajibu.

"Cha saba. Dirisha bado linavuja?"

"Linavuja."

"Nilimwambia mpwa wangu atafute fundi. Akaniambia fundi alikuja."

"Labda alikuja nikiwa sokoni," mama fundi akasema kwa upole, lakini sote watatu tulijua hakuna fundi aliyekuja.

Ndipo mama fundi alipomweleza habari ya milango. Hakulia wala hakuongeza chumvi. Alieleza jinsi ilivyokuwa, chumba kwa chumba, hadi mzee wa chooni. Yule mama aliweka kisu chake juu ya kabichi.

"Mpwa wangu alisema mmehama wenyewe. Kwamba siku hizi watu hawataki vyumba vya zamani."

"Tuko wote," mama fundi akasema.

Nilianza kueleza sheria inavyosema. Yule mama akanikatiza. "Sheria nitaisikiliza baadaye. Ile milango ni mbao za miti ya baba yangu. Ilikatwa pale juu, unapaona? Niliishusha Voi kwa lori mimi mwenyewe." Akatugeuzia mgongo akaelekea nyumbani. Nilidhani ametufukuza. Kumbe alikuwa anakwenda kutupakulia chakula.

Tulikula kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, pamoja na mboga. Mama fundi alikuwa hajawahi kukionja, akauliza kinavyopondwa, akaelezwa, akaomba aongezewe. Wakati mwenyeji wetu akiinama kupakua, mama fundi aliona bega la gauni lake limefumuka. Alichomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola yake, kama mafundi wanavyofanya, akasema, "Samahani mama, usitikisike." Akalishona pale pale, gauni likiwa mwilini. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani, na niliona ni vyema nikae nayo.

Mikono ilipokwisha kuoshwa, niliyatoa yale makubaliano ya Taveta. Yule mama akavaa miwani, akayasoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Sitawadanganya," akasema. "Kuuza nilitaka kweli. Magoti yangu hayaniruhusu kushuka huko kila mwezi, na ukiwa mbali unaambiwa lolote."

"Basi tuchague mmoja wetu awe anakupigia simu," mama fundi akasema. "Kila kitu utakisikia kwetu wenyewe. Na siku ukitaka kujenga, jenga upande mmoja kwanza, kama hapo palivyoandikwa."

Yule mama alifikiri, akasema mnunuzi atafute kwingine. Kisha akagonga karatasi kwa kidole. "Hapa pameandikwa kwamba mwenye nyumba atajaribu kurekebisha. Mimi sijaribu. Andika atarekebisha."

Nikafuta, nikaandika upya. Akatia sahihi, kisha akampigia simu mpwa wake mbele yetu. Mazungumzo yalikuwa mafupi. "Jumamosi milango iwe imerudi. Nitakuwepo. La, usinieleze sasa, utanieleza nikifika."

Jumamosi alishuka kweli, akakalishwa kwenye kiti katikati ya ua. Pikapu ikaja na milango imelundikwa kama vipande vya mkate, na hapo tukagundua kwamba waliong'oa hawakuandika alama yoyote. Kila mlango ulifanana na mwingine kwa mbali, lakini hakuna uliokubali kuingia mahali pasipo pake. Mmoja uligoma juu, mwingine ukaacha nafasi ya kupita kuku.

Basi kila mtu akaanza kuutafuta wake. Msichana wa chumba cha pili aliutambua wao kwa hesabu za kuzidisha alizoandika kwa chaki nyuma yake. Baba wa chumba cha tisa alipapasa pembeni akakuta vijialama vya kisu alivyokuwa akipimia urefu wa watoto, akaita familia nzima waje waone. Mzee wa chumba cha nne alisimama mbele ya mlango mzuri kuliko yote, akatangaza ni wake.

"Wako una tundu la paka," wakamwambia.

"Huu nao nitautoboa."

Ua mzima ulicheka, na mwenye ploti alicheka mpaka akavua miwani. Wanawake walianzisha nyimbo za kanisani za kwao magharibi, na fundi wa mbao akawa anakaza bawaba kwa mapigo ya wimbo. Mpwa naye alikuja. Alibeba milango, shati limelowa jasho. Karibu saa sita mtu alimpa maji ya kunywa, naye akaenda kumshikia mama fundi mlango wa chumba cha saba ukitiwa skrubu.

"Sikujua ni kosa," akaniambia baadaye, tukiwa kando.

"Sasa unajua."

"Shangazi hatanipa nafasi ya kusahau," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Tulipomaliza, vyumba kumi vilikuwa na milango kumi, na mlango mmoja ulikuwa bado umeegemea ukuta. Tukahesabu upya. Kweli ulikuwa wa kumi na moja, wa kijani kama mingine, ila mfupi kidogo. Mpwa aliapa kwamba haukutoka kwenye ploti ile. Milango ilikuwa imehifadhiwa kwenye yadi ya mbao inayonunua milango mikuukuu, na vibarua walipakia kila walichokikuta.

Niliupiga picha, nikaituma kwenye kundi letu. Chai haikuwa imemiminwa bado, mwenzetu wa Mwatate akapiga simu.

"Huo mlango mmeupata wapi?" akauliza. "Kuna mama hapa ana watoto watatu, ametundika gunia mlangoni kwake wiki ya pili sasa, tangu mwenye nyumba aung'oe mlango. Wa kwake ulikuwa wa kijani. Nimejua habari zake jana tu. Hakumwambia mtu, alidhani ndivyo inavyokuwa."

Niliwaeleza walioko uani. Nilikuwa nafikiria nani nimpigie, gari litoke wapi. Mwenye ploti aliinuka kwenye kiti chake, akashika magoti, akamtazama mpwa wake.

"Mbona mmesimama? Pakieni."

Tukaondoka na pikapu ile ile. Mbele alikaa yeye na mpwa akiendesha. Nyuma tulipanda mimi, mama fundi, fundi wa mbao na wanawake wawili ambao hawakuwa na shughuli yoyote Mwatate ila walitaka kuona. Tuliushika mlango kwa mikono yetu yote njia nzima, na nyimbo hazikukatika.

Yule mama wa Mwatate alitoka ndani akifuta mikono. Aliugeuza mlango akatazama nyuma yake, akakuta msumari alipokuwa akitundika kalenda, akaushika. "Ni huu," akasema, kisha akaanza kucheka, akashindwa kuacha, hata sisi tukaambukizwa.

Fundi alifanya kazi kwa robo saa. Watoto watatu wakaanza kuufungua na kuufunga, kufungua na kufunga, mmoja ndani na wawili nje, wakibisha hodi na kukaribishana, hadi mama yao akawaambia waupumzishe kidogo.

Jumatatu mwenzetu wa Mwatate alikwenda kwa mwenye nyumba wa mama yule akiwa na nakala ya makubaliano yetu, na mwenye ploti wa Voi, kwa kusisitiza mwenyewe, aliandamana naye. Sikuwepo. Niliambiwa kwamba aliyezungumza zaidi ni yule nesi, kwamba yalimalizika kwa amani, na kwamba siku hizi anataka kuandikishwa katika mradi kama mtu wetu wa Mghange. Fomu nimeshampelekea. Aliirudisha kwanza bila sahihi, amenisahihishia maneno mawili.