Kibali cha Ureno

Nafanya kazi ya kampuni ya ng'ambo kwa kompyuta, nikiwa nyumbani kwa mama, kijijini Kola. Mwaka jana nilitaka kuhamia nchi inayowapa kibali cha kuishi watu wa kazi kama yangu. Nililinganisha Ureno na Morisi wiki tatu, nikachagua Ureno. Walitaka barua ya mwajiri na cheti cha polisi cha maadili mema. Cheti kilitoka upesi, lakini barua ilichelewa sana, na ilipofika, muda wa cheti ulikuwa umekwisha.

"Si kazi yako iko kwa kompyuta?" mama akauliza. "Sasa huko unaenda kufanya nini?"

Nilitoka nje nimekasirika. Kesho yake niliomba cheti kingine.