Kipande cha Peke Yake

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, ng'ombe wa baba waliisha kwa ugonjwa wa ndigana, shida ikaingia kwetu Didia bila kubisha hodi. Shule niliiachia darasa la tatu. Kitu nilichokijua ni zeze. Nilifuatana na vikundi vya wakulima, wao wanalima kwa kucheza na majembe, mimi nawapigia, jioni nakula. Baadaye nikaenda Nyarugusu, nikashuka kwenye maduara ya watu kuchimba dhahabu mpaka nikapata duara langu. Hayo nayaacha. Nataka kusema habari ya binti yangu mdogo na fidla, maana maneno yamesemwa mengi na mimi nilikuwepo.

Fidla alifundishwa na sista mmoja kanisani Geita. Mwaka juzi okestra ya vijana wa makanisa ikapanga onyesho Shinyanga mjini, kwenye ukumbi wa shule, na binti yangu akachaguliwa apige mbele. Ni muziki mrefu wa Kizungu wa zamani, fidla moja inasema, wenzake wote nyuma wanajibu. Mimi nikatoa viti vya plastiki na jenereta. Nilitoa kwa sababu ninavyo. Basi kule kwenye karasha yangu, tunaposaga mawe ya dhahabu, mchimbaji mmoja akanitania: "Mzee, viti umetoa, umeme umetoa. Na ile nafasi ya binti, ulinunua jumla au rejareja?" Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Binti alipoyasikia hakucheka.

Akaja nyumbani na fidla yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekufinya?"

"Baba, kuna pengo kwenye ule muziki."

Akanieleza. Karibu na mwisho, mtunzi mwenyewe hakuandika kitu. Okestra inanyamaza, mwenye fidla anabaki peke yake, anapiga anachotaka. Akikaribia kumaliza anatetemesha sauti moja kwa kidole, wenzake wanajua hiyo ni ishara, wanaingia tena. Kinaitwa kadenza. Waliokuja nyuma wameandika vya kuliziba hilo pengo, unachagua. Mwalimu wa okestra alitaka kile maarufu, kinachopigwa na kila mtu. Binti alikuwa ametunga chake.

Jambo hilo halikunipa shida kulielewa. Kwetu Usukumani vikundi viwili vya ngoma ya mbina vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna hakimu mwenye kalamu. Anayevuta watu ndiye ameshinda. Ngoma zikinyamaza ukabaki na zeze lako, hapo ndipo watu wanakuhama au wanakujia. Nikamwambia, "Nipigie vyote viwili."

Akapiga pale kibarazani. Mama yake na majirani wawili walikuwa wanamenya karanga. Kile maarufu kilikuwa kikali, kama mbuzi anayekimbia juu ya mabati. Karanga zikaendelea kumenywa. Jirani mmoja akasema, "Mkono mwepesi huo, angetufaa kuchuma pamba."

Kisha akapiga chake. Kilianza taratibu, nikaona mikono ya wanawake imesimama. Kufika katikati nikasikia wimbo wangu, ule wa jembe, wa Didia, umevalishwa suti. Mama yake akaanza kuitikia, jirani akanyanyuka kucheza, karanga zikamwagika. "Huyo ni mzee! Huyo ni mzee kabisa!"

Sitadanganya, nilitamani wimbo ule upigwe mbele ya askofu aliyealikwa. Lakini nilimtazama binti. Walikuwa wanacheza na mimi. Yeye walikuwa wamemwacha pale na fidla chini ya kidevu.

"Nimekuweka wewe, baba. Heshima yako."

"Nitoe."

"Baba!"

"Nitoe, ng'wana wane. Wanasema nimekununulia nafasi. Wenzako wakinyamaza halafu ukapiga wimbo wangu, utakuwa umewapa risiti."

Mama yake akaja juu. "Mtoto anakuheshimu, wewe unamfukuza!"

"Heshima aniletee na chai. Kule akapige chake."

Mwalimu alinipigia simu. Akasema, "Mzee, akikosea kile maarufu, watu watasema kigumu. Akikosea cha kwake, watasema hana kitu." Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Lakini atakayesimama pale ni yeye, achague yeye. Akachagua chake.

Siku ikafika. Kwetu mtu akipiga vizuri anatuzwa papo hapo, unakwenda unacheza, unambandika noti kwenye paji la uso. Okestra iliponyamaza, ndugu zangu wakadhani wenzake wamempisha atuzwe. Dada yangu akafungua fundo la kanga, akasimama, nyuma yake mstari. Wote wakanitazama, maana mwenye mtoto ndiye anayeanza. Mfuko wangu wa shati ulikuwa umejaa wekundu, noti za elfu kumi. Nikaweka mikono magotini.

"Wewe, simama! Unatutia aibu!"

"Kaa chini, dada. Bado anasema."

Akakaa kwa kishindo, na mstari ukakaa.

Palipokuwa na wimbo wangu aliweka kitu nisichokijua. Nilikitafuta nikijue, kikanikataa. Kilishuka mpaka kwenye uzi mnene, kikatulia huko, ukumbi mzima tukawa tunasikia jenereta linavyonguruma nje. Kisha akapanda polepole, akatetemesha kile kidole, mwalimu akainua mkono, wakaingia wote. Muziki ulipokwisha ndipo tukatuza, hata mwalimu akabandikwa noti akawa hajui afanye nini.

Yule mchimbaji mtani wangu alikuwepo. "Mzee, kile cha peke yake ni wimbo wa wapi?"

"Sijui. Muulize mwenyewe."

Akanipita kama nguzo, akaenda kumwuliza.

Kwa hiyo anayetaka kujua nilichonunua, asikae kubahatisha. Vyangu ni hivi. Nyumba ya matofali Geita na nyingine Didia. Ng'ombe arobaini. Karasha mbili. Duara moja Nyarugusu, limejaa maji. Mtumbwi wa injini pale Nkome. Shamba la mpunga. Jenereta na viti. Pikipiki moja, breki mbovu. Sidaiwi na mtu.