Kitinda na Shikamoo ya Dada Yake

Nyuma ya kaunta ya duka la dobi, pale mvuke wa pasi ulipochanganyika na moshi wa sigara, Kitinda alisahau umri wake. Mkono ulikwenda na kurudi wenyewe juu ya mashati ya watu, na yeye yuko mbali, binti mdogo aliyelalia mapaja ya dada yake, anasukwa nywele, usingizi unamnyemelea. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyempachika jina hilo, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Kisha dada akaolewa nchi ya mbali, hawakuonana tena. Upweke ulipomzidi, Kitinda akawasha sigara ya kwanza.

Hakuiacha. Alivuta jicho moja amelifinya, midomo ameichongoa, moshi ukambeba taratibu. Muuguzi aliyekuwa akileta sare zake pale alimwambia waziwazi, "Dada, hiyo kitu inakuzeesha. Tumbaku inabana mishipa, ngozi inakosa damu. Jiangalie hapo juu ya mdomo."

"Pasi si ninayo? Nitajinyoosha."

Duka zima likaangua kicheko. Majibu hakuyakosa huyo mwanamke. Kioo ndicho alichokikwepa.

Sasa dada, aliyefiwa na mumewe, alikuwa amepiga simu kwamba anarudi. Siku zile Kitinda alitembea kama yumo ndotoni. Alitaka kitu kimoja tu: kuwa mdogo wa mtu tena.

Asubuhi moja, katikati ya mvuke, mwanamke mnene mwenye uso laini alisimama kaunta na begi lake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, namuulizia mdogo wangu. Anaitwa Kitinda."

Pasi ikasimama. Sauti ile angeitambua hata usingizini. Alitaka kupiga kelele za furaha, lakini kilichomtoka ni kile kinachomtoka mtu yeyote akiamkiwa.

"Marahaba. Subiri nikamwite."

Akakimbilia stoo kwenye kile kioo, akakifuta ukungu kwa kiganja. Mistari imeuzunguka mdomo, mashavu yamebonyea, ngozi imepauka kama majivu. Akaelewa ni nani aliyeamkiwa, na ikamuuma sana. Alilia kidogo, akanawa uso, akatoka.

"Dada," alisema. "Shikamoo."

Dada alimtazama, kisha akachungulia nyuma yake kuona kama kuna mwingine anakuja. Kitinda akainamisha kichwa, kama zamani alipokuwa akisukwa nywele. Hatimaye dada akazunguka kaunta, akamshika mashavu, akaipapasa ile mistari kwa vidole.

"Ni sigara, dada. Nimejifanyia mwenyewe."

"Nyamaza." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Marahaba, mtoto wangu. Marahaba."

Harufu ya kuungua ikawafikia. Kitinda akataka kujinasua.

"Dada, shati la watu linaungua!"

"Liache liungue," dada akasema, akamkumbatia kwa nguvu zaidi.