Nilifuata Mwisho wa Hadithi Busi

Nilikwenda Busi kwa sababu nyumba yetu ya Ipagala, mjini Dodoma, ilikuwa haizimwi taa tena. Wanaoniuliza mwalimu mzima nilifungaje safari kwa ajili ya hadithi ya watoto, jibu lenyewe ni hilo.

Mama yangu mzazi aliishi nasi miaka yake ya mwisho, akilala chumba kimoja na binti yangu Zuhura, mtoto wa miaka saba. Kila usiku, taa ikishazimwa, alimsimulia hadithi ileile aliyonisimulia mimi utotoni. Msichana katumwa kuazima moto kijiji cha pili. Anarudi usiku na kaa moja ndani ya kigae, na njiani kila mnyama anamwomba kipande. Yeye hawezi kusema hapana, anatoa tu, na kaa linazidi kuwa dogo. Je, alifika nyumbani na moto? Zuhura hakuwahi kujua, maana alikuwa analala katikati. Kisha mama akafariki, Mungu amrehemu, na mtoto akakataa giza. Taa iwake mpaka asubuhi, naye macho kodo ananiuliza, "Baba, alifika?" Shuleni akawa analala kwenye dawati.

Sasa aibu yangu ni hii. Mimi nafundisha fasihi. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba usiku katika mashairi ni dhuluma, ni ujinga, ni kifo, nao wanaandika hivyo na kupata alama zao. Lakini mwisho wa hadithi ya mama yangu siujui. Utoto wangu wote nami nililala katikati.

"Si utunge tu?" mke wangu akanishauri.

Nikatunga. Zuhura akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Huo ni wako, baba. Mimi nataka wa bibi."

Aliyebaki kuujua alikuwa mama mdogo Hadija, mdogo wake mama, anayelima kule kijijini Busi, Kondoa. Nilimpigia simu. Nilimwambia naitaka ile hadithi, sikumwambia kwa nini. Akanijibu kwamba tangu arobaini ya dada yake sijakanyaga kwao, na kama nina shida na hadithi, miguu ninayo.

Jumamosi alfajiri nikapanda basi la Kondoa. Nje ya Dodoma jua lilitukuta kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua ya mtama yamelala chini na mbuzi wamo humo wanajichagulia. Mbele ya Chemba vilima vikaanza kusogea karibu na udongo ukawa mwekundu. Nilikuwa na mpango mzuri sana kichwani: nifike mchana, nirekodi hadithi kwenye simu, nigeuze siku hiyohiyo.

Kondoa mjini nilichukua bodaboda. Dereva, kijana mwenye koti zito licha ya joto, alinionya kwamba kama nataka kurudi leo nimwite mapema, kwa kuwa njia ya Busi yeye usiku haendeshi.

"Kuna fisi?" nikauliza. Mwalimu wa fasihi huyo, anatafuta ishara.

"Hapana. Usiku nalala."

Adhuhuri nilimkuta mama mdogo uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Ni mwembamba kama mama, ila ana ulimi mkali zaidi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni hilo shati?"

Tukapeana habari za wagonjwa, za mvua, za waliozaa. Kisha nikatoa simu, nikaibonyeza na kumwambia aanze.

Akaniangalia. "Hadithi mchana huu? Unataka ng'ombe wangu wapotee?"

Nilikuwa nimesahau. Hata sisi tuliambiwa utotoni kwamba anayesimulia hadithi jua likiwaka, mifugo yake hupotea malishoni. Nikajaribu kumbembeleza. "Lakini mama mdogo, una ng'ombe wawili tu."

"Ndiyo maana sitaki wapotee."

Haya bwana. Mpango wangu ukafia hapo. Nikasogezewa gunia la mahindi, na mchana kutwa nikapukuchua mpaka vidole vikavimba. Mama mdogo alinitazama akicheka kimyakimya, akasema chaki imenilegeza.

Baada ya magharibi tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na juu yake bakuli la maziwa ya mgando. Watoto wa nyumba za jirani wakaja mmoja mmoja bila kuitwa, wakajipanga mkekani. Mama mdogo akaizima taa yake ya sola. Mwezi haukuwepo. Mwanzo sikuona hata mkono wangu, kisha nyota zikajitokeza, nyingi kuliko nilizowahi kuziona Ipagala, na nikaanza kusikia vitu: ng'ombe akicheua, mtu akikohoa ng'ambo ya korongo, mtoto aliye karibu nami akijikuna.

"Hadithi, hadithi."

"Hadithi njoo," wakaitikia watoto, nami pia.

Gizani sauti ile ilikuwa ya mama. Mchana sikuitambua, kwa sababu nilikuwa naangalia uso wa mtu mwingine. Msichana akapokea kaa lake, sungura akaja kuomba, akapewa. Nikalia, na hakuna aliyeniona, na nilifurahi kwamba hakuna aliyeniona. Nungunungu akaja, akapewa. Fisi akaja.

Kilichofuata ni jogoo. Nilifumbua macho kumekucha, nimefunikwa shuka.

"Uliimaliza?" nikauliza huku naruka.

"Niliimaliza. Watoto wakasikia, wakaenda zao. Wewe ulikuwa unakoroma."

Nikamsihi, na akakataa. Nikamweleza kwamba kesho nina vipindi, akasema vipindi si ng'ombe. Hapo nikakasirika kweli, na hasira ikanitoa maneno niliyoyaficha. "Mama mdogo, mtoto wangu halali. Tangu bibi yake afe anaogopa giza, na kila usiku ananiuliza kama yule msichana alifika. Nitarudi na jibu gani?"

Akaweka chini kikombe cha chai. "Na hilo ulishindwa nini kuniambia tangu mwanzo?"

Akafuta macho kwa upindo wa khanga.

"Leo usiku nipigie," akasema. "Nitamsimulia mwenyewe."

Kisha akaenda bandani, akarudi na jogoo aliyefungwa miguu. Nikasema sihitaji, basi lina joto. Akaniwekea kwenye kikapu kana kwamba sikusema kitu. Jumapili mchana kutwa, kutoka Kondoa hadi Dodoma, jogoo yule alipiga kelele kila basi lilipofunga breki, na abiria wote wakanijua.

Jioni Zuhura alinipokea mlangoni. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi. "Alifika?"

"Subiri usiku," nikamwambia.

Baada ya isha tulijilaza kitandani kwake, simu tumeiweka juu ya mto, sauti juu. Mama mdogo hakuanza.

"Zuhura, mjukuu wangu, taa imezimwa?"

"Bado, bibi."

"Basi hadithi haiwezi kuingia. Nipo, nasubiri."

Zuhura akaiangalia taa kwa muda mrefu. Niliogopa asije akalia. Nilitaka kuinuka nimsaidie, nikajizuia. Mwisho akashuka kitandani mwenyewe, akaenda mpaka ukutani, akabonyeza. Nikasikia vinyayo vyake vikirudi mbiombio, kisha mkono wake ukanishika sikio, ukashuka ukanishika mkono.

"Imezimwa, bibi."

"Hadithi, hadithi."

"Hadithi njoo!"

Kuna methali ninayoiruka darasani kila mwaka, kwa kuwa haikubaliani na somo langu la usiku na dhuluma: usiku ni libasi bora. Libasi ni vazi. Pale kitandani niliielewa kwa mara ya kwanza. Giza lilitufunika watatu, mmoja Busi na wawili Ipagala, na wa nne alikuwemo ndani ya sauti. Nikaamua wiki hii wanafunzi wangu watajifunza na hilo. Sungura akapewa moto. Nungunungu akapewa. Zuhura alikuwa macho, nasikia anavyopumua kwa haraka. Fisi akaja.

Nilipoamka jua limeshachomoza na taa bado imezimwa. Zuhura alikuwa amevaa sare, amesimama dirishani, uso mkunjufu kama zamani. Nikakurupuka.

"Zuhura, alifika?"

Akanitazama kwa huruma, kisha akaonyesha nje, bombani, alikofungwa jogoo wetu.

"Baba, ni mchana," akasema. "Unataka apotee?"